Ninachomwekea mdogo wangu kwenye simu

Alhamisi, saa nne usiku.

Jumamosi alfajiri mdogo wangu anashuka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Anatoka nyumbani Mbinga, na kutoka Songea peke yake basi lina zaidi ya kilomita 900 za kukimbia kabla halijaiona Dar. Amepata fundi wa friji na viyoyozi atakayemfundisha kazi, wanaanza Jumatatu. Anakuja na kitochi. Mimi nimetoa simu yangu ya zamani kwenye droo, nimeibadilisha kioo Kariakoo, nimefuta kila kilichokuwamo, na sasa imelala kitandani mbele yangu, tupu kama siku ilipotoka dukani. Tangu saa mbili nimekaa nayo nikijiuliza nimwekee nini.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Lakini kila programu ninayoifikiria inanirudisha Machi 2023, nilipoingia mji huu na begi moja na namba ya binamu ambaye siku hiyo hakupokea simu. Watu hudhani mgeni anateswa na ugumu wa maisha. Ugumu niliujua tangu nyumbani, nimechuma kahawa na baridi ya Mbinga ikinikata vidole. Kilichonitesa Dar ni kutokujua. Mgeni hapa analipa mara mbili: analipa kitu chenyewe, halafu analipa ugeni wake. Bodaboda wa kwanza alinitoza 10,000 kutoka stendi mpaka Kimara Suka, safari ambayo daladala inaimaliza huku konda hajapata hata nafasi ya kurudisha chenji. Nilimlipa na kumshukuru, maana sikuwa na cha kulinganisha.

Kwa hiyo ya kwanza niliyoipakua usiku huu ni ya kuita usafiri. Bolt ipo, inDrive ipo, yoyote itamfaa. Simwekei ili apande kila siku, mwanafunzi wa ufundi hana hela hiyo. Atapanda daladala mpaka Kimara Mwisho na mwendokasi mpaka Gerezani kama sisi wote. Namwekea ili ajue bei. Mimi mpaka leo nikitoka na mzigo nafungua programu, naandika ninakokwenda, nasoma kiasi, naifunga, kisha nawaendea vijana wa kijiwe chetu pale Suka: "Kaka, naenda Ubungo, nina kiasi hiki." Wananijua, na usiku nawaamini kuliko mtu nisiyemjua, kwa sababu wanalijua geti letu na mbwa wa jirani. Lakini tangu nianze kwenda kwao na bei mkononi, mazungumzo yamekuwa mafupi na ya heshima pande zote mbili.

Ya pili, pesa. Hapa nimeamua kumfundisha menyu kabla ya programu. Bando litamwishia, hilo halina mjadala, na likiisha programu ya pesa inakuwa picha tu kwenye kioo. Menyu ya M-Pesa, *150*00#, haihitaji bando. Ndiyo ile ile anayoitumia mama kule kwenye kitochi, na ndiyo iliyonifikisha siku niliyokuwa Buguruni na chaji asilimia 3 na nauli sina. Nitamfundisha kusoma jina. Ukituma hela, kabla hujathibitisha, jina la anayepokea linatokea. Lisome mpaka mwisho, na kama umeambiwa ni fulani na limekuja jina jingine, acha hapo hapo. Kwenye lipa namba za madukani ni hivyo hivyo. Na ujumbe ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" utamfikia kabla wiki ya kwanza haijaisha, kwa sababu wanaoutuma wanajua kwamba mji huu kila mtu kuna mtu anamdai au amemuahidi. Akiupata asijibu, aupeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kisha nitampigisha *106# mbele yangu aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Mimi nilisajili laini barabarani kwa kijana mwenye mwavuli, akaniambia alama ya kidole haijashika, weka tena, weka tena. Miezi kadhaa baadaye nikakuta kwenye orodha yangu namba nisiyowahi kuishika. Nilikwenda kuifuta, lakini sitasahau baridi iliyonipita mgongoni: mtu alikuwa anatembea Dar na jina langu.

Kuhusu kupangisha chumba sitaandika mengi. Atakaa na mimi. Nilishawahi kutuma 30,000 ya "kuoneshwa" kwa dalali niliyempata mtandaoni mwenye picha nzuri za chumba cha vigae, na chumba hakikuwapo. Siku hizi nikiulizwa nasema nenda kwa miguu, ulizia genge lililo karibu na nyumba, hela itoke baada ya macho kuona.

LUKU ndiyo ninayotaka aielewe vizuri, kwa sababu ndiyo inayogombanisha wapangaji. Nyumba yetu ina vyumba vinne na mita moja. Nilipohamia niliambiwa mchango wangu ni mkubwa kwa kuwa nina pasi na jiko la umeme. Nikachangia miezi mitatu bila kuuliza. Siku moja mama mwenye nyumba alisafiri, akaniomba ninunue mimi kwa simu, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipousoma ule ujumbe wote badala ya kukimbilia tokeni yenye tarakimu 20. Kumbe umeandikwa kila kitu. VAT asilimia 18. REA, ya umeme vijijini, asilimia 3. EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1. Na kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa humo humo kwenye umeme: ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500 mwaka 2023. Kodi ya jengo la mtu mwingine, nailipa mimi mpangaji!

Jioni niliwaita majirani, tukakaa barazani na simu yangu katikati, tukausoma ujumbe mstari kwa mstari. Mama jirani wa chumba cha mwisho, anayeuza vitumbua, alisema ameishi nyumba za kupanga miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kumsomea. Tulikuta na jambo jingine. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa 100 kwa yuniti. Sisi vyumba vinne kwenye mita moja hatuwezi kubaki huko hata tukilala gizani, tumo kwenye kundi la 292. Kwa hiyo pasi yangu haikuwa mchawi. Mama mwenye nyumba aliporudi tulimweleza kwa adabu, naye, Mungu ambariki, akakubali kodi ya jengo tuikate kwenye pango. Tangu siku hiyo kila anayenunua anautuma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp. Ugomvi wa umeme umeisha. Kilichoumaliza ni watu wanne kusoma kitu kimoja kwa pamoja.

Halafu ramani. Nimempakulia mbili, ya Google na Organic Maps, na hii ya pili nimeishushia Tanzania yote imkae ndani ya simu, ifanye kazi bila bando. Ninaipenda kwa sababu ninayotaka aijue. Ramani iliyomo inatokana na OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea, na kwa Dar kazi kubwa ilifanywa na Ramani Huria kuanzia mwaka 2015: wanafunzi wa vyuo, wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenyeji wa mitaa, walipita kwa miguu Tandale na kata nyingine zinazojaa maji wakiandika mifereji, vichochoro, misikiti, madaraja ya mbao. Ilikuwa kazi ya mafuriko, ijulikane maji yanapita wapi na nyumba zipi zimo njiani. Mimi nimeikuta imeshafanywa. Siku nilipopotea Tandale nikitafuta nyumba ya msiba, kijia cha upana wa mabega kilikuwa kwenye kioo changu, na mbele yake mfereji, na ng'ambo ya mfereji mtaa niliokuwa nautafuta. Mwanafunzi mmoja alitembea pale na matope yake ili mimi nisipotee. Nilisimama kidogo, nikamwombea.

Lakini kuna jambo ramani haitamsaidia, na hili lazima nimwambie kwa mdomo. Ramani inajua barabara. Watu wa Dar wanajua vituo. Hakuna atakayemwelekeza kwa jina la mtaa, hata kama vibao vya anwani za makazi tumebandikiwa tangu mwaka 2022. Ataambiwa shuka Buguruni Sheli, Tabata Bima, Manzese Tip Top, Sinza Mori, Kwa Aziz Ali. Kariakoo ni tofauti, kule mitaa imenyooka na majina yanatumika kweli: Kongo, Sikukuu, Swahili, Narung'ombe. Kwingine kote itabidi amuulize konda, na asione haya. Akae dirishani wiki mbili za kwanza, simu mfukoni, asikilize vituo vinavyoitwa. Simu ya dirishani kwenye foleni ni ya kila mtu.

Saa tano na robo sasa. Nimefika kwenye lile nililokuwa nalizunguka.

Mwaka 2024 kodi ya miezi sita ilifika na mimi sikuwa nayo kamili. Tangazo likatokea: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Nikapakua. Ikaniomba ruhusa ya kusoma majina yangu ya simu, nikabonyeza kuruhusu kama nilivyobonyeza kwenye kila programu tangu nifike. Nikaomba 50,000. Ikaingia 34,000, iliyobaki ikaitwa ada. Ndani ya siku saba nilitakiwa kurudisha 50,000 na riba. Siku ya nane nilikuwa nimepungukiwa kidogo. Siku ya tisa wakaanza.

Walimwandikia bosi wangu wa duka. Walimwandikia mchungaji. Walimwandikia mteja wa vitenge niliyewahi kuhifadhi namba yake mara moja. Na walimwandikia mama. Mama hasomi vizuri. Alikipeleka kitochi kwa jirani asomewe, kwa kuwa alidhani ni mimi nimemwandikia habari njema. Jirani akasoma kwa sauti, mbele ya watu waliokuja kununua mafuta ya taa, kwamba binti yake ni tapeli na amekimbia deni. Mama hakunigombeza. Alinipigia usiku akauliza, "Mwanangu, unakula?"

Nilimaliza deni, nikafuta programu. Watu huita mikopo hiyo kausha damu, na jina linatosha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Niliisoma yote, kwa kidole, kama ninavyousoma ujumbe wa LUKU. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokitafuta kwenye simu. Programu zilizonifaa zote zilinijulisha mji: bei yake, makato yake, vichochoro vyake. Ile moja ilikuwa inaujulisha mji habari zangu, na ilimfikia hata aliye mbali kabisa na asiye na namna ya kujitetea.

Kwa hiyo nimefanya kazi ya kuchosha. Nimeingia kwenye mipangilio ya simu hii, nimepita programu moja moja, nimezima kila ruhusa ya kusoma majina isipokuwa WhatsApp. Ramani iachwe ijue mahali alipo anapoitumia tu. Tochi haina sababu ya kujua rafiki zake. Nimemwandikia kwenye karatasi, maana atasahau: ikiomba majina, muulize dada kwanza. Na chini yake: ukikwama hela, muulize dada kwanza, hata kama dada amekasirika.

Mama amepiga sasa hivi. Hajalala, anafunga kuku wa kuniletea na hajui atamfungaje asisumbue abiria. Nikamwambia simu ya kijana iko tayari, nikamtajia vyote, ramani, umeme, usafiri. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na namba yangu umemwekea?"

Sikuwa nimeiweka. Kitabu cha majina kilikuwa kitupu kabisa, na nadhani nilikiacha hivyo kwa makusudi bila kujiambia. Namba ya mama naijua kwa kichwa. Nimerudi kwenye mipangilio mara nyingine, nikahakikisha ruhusa zimezimwa. Kisha nimeandika: Mama.