Shati la baba limekuwa gauni

Nani alisema shati lililochakaa kola ni la kupigia deki? La mume wangu nimeligeuza gauni la binti yetu. Kola na mikono nimevikata, vifungo vya mbele vimehamia mgongoni, na pindo la chini nimeliacha lilivyo. Kiwandani walishalikunja, mimi nihangaike ya nini!

Kikwembe changu cha zamani nacho kimetoa kaptula ya mdogo wake. Kilikuwa kimepauka makalioni, nikakata pembeni ambako maua bado yanang'aa. Wamama wa Bukavu, kabla ya mkasi inueni kitambaa kwenye mwanga, palipolegea patajionyesha.

Nilichonunua pale sokoni Kadutu ni uzi na lastiki tu. Sasa natamani kuigeuza na suruali kuukuu ya jinzi, ila sindano yangu nyembamba itavunjika. Nani ana sindano nene, namba 16?