Jinsi nilivyookoa gladiola zangu za mwituni

Miaka miwili mfululizo gladiola za mwituni alizonipa shangazi kutoka shambani kwake Njombe zilinifia. Mvua za Novemba zilipoanza zilichipua vizuri, zikatoa yale maua ya rangi ya machungwa yenye koo la njano. Ikifika Juni, majani yanakauka. Nikadhani ni kiu, nikazidi kumwagilia. Nilipochimba, matunguu, yale mafundo ya chini ya ardhi yanayochipua, yalikuwa yamelainika na yananuka.

Shangazi alipokuja akayatazama, akasema: "Mwanangu, hayo yalikuwa yamelala. Kule porini kiangazi nani huyamwagilia?"

Kweli kabisa. Gladiola hizi, kwa jina la kitaalamu Gladiolus dalenii, hupumzika ardhini kiangazi chote, na unyevu ukizidi tunguu linaoza.

Nikatupa yaliyooza, nikabakiza magumu pamoja na vijitunguu vilivyolizunguka tunguu mama. Nikainua tuta, nikachanganya mchanga mwingi, nikayafukia kina cha sentimita 10 hivi. Majani siyakati mpaka yakauke yenyewe, maana ndiyo yanayolisha tunguu jipya la msimu ujao; hapa wengi wanakosea. Kuanzia Juni hadi mvua zirudi, ndoo haifiki pale.

Msimu huu mashina saba yamechanua, na ndege aina ya chozi wanakuja kunyonya kila asubuhi.