Picha ya Maji Ninayoisubiri

Mwanza, Jumapili jioni, Januari 2026

Leo mchana nilishuka Kirumba kumpelekea kijana wa duka la muvi flashi yangu nyekundu, ile iliyopoteza kifuniko siku nyingi, nikakaa juu ya kreti la soda huku yeye akipekua kompyuta yake. Nilimuuliza habari za *Avatar: Fire and Ash*, iliyoingia kumbini Desemba 19 mwaka jana. Alijibu bila kuinua macho: "Ipo dada, ila ni ya kamera. Klia bado." Maana yake ni kwamba mtu fulani, katika ukumbi wa nchi fulani, alikaa na kuirekodi kwa kificho, na katika sekunde chache alizonionyesha niliona kivuli cha kichwa kikikatiza anga la Pandora, dunia ya picha hiyo, kwenda msalani. Nilikataa. Sikukataa kwa uadilifu, kwa kuwa flashi hiyohiyo imekwisha kubeba mengi yanayoweza kuniaibisha mbele ya mtu anayeishi kwa hakimiliki. Nilikataa kwa sababu picha ambayo thamani yake yote imo machoni, ukiitazama kwa ukungu, ni sawa na kutoitazama.

Nilipokuwa nikipandisha mlima kurudi nyumbani nilitambua kwamba picha ninazozisubiri kwa hamu karibu zote zina maji ndani yake. Huenda ni jambo la kawaida kwa mtu aliyezaliwa mahali ambapo ukifungua dirisha unaona ziwa kabla hujaona jirani.

Ninayoisubiri kuliko zote mwaka huu ni *The Odyssey* ya Christopher Nolan, iliyopangiwa kutoka Julai 17. Matt Damon ni Odiseo, mfalme anayehangaika baharini miaka kumi akitafuta njia ya kurudi kwake baada ya vita vya Troya, na miongoni mwa waigizaji yumo Lupita Nyong'o, ambaye sisi wa huku tunamhesabu kuwa mtu wa ziwani kwa sababu ya ukoo wake wa Kisumu, ingawa alizaliwa Mexico. Filamu yote imepigwa kwa kamera za IMAX zinazotumia utepe, ambao kila picha yake moja ni kubwa mara kadhaa kuliko picha ya utepe wa kawaida wa milimita 35. Kwa kumbi chache zenye mitambo ya kuonyesha utepe huo, tiketi zilianza kuuzwa Julai 2025, mwaka mzima kabla. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu ninajua jinsi picha hiyo itakavyofika kwa wengi wa hapa: itaingia kwenye kibanda umiza chenye kiingilio cha shilingi mia tano, mabenchi ya mbao na televisheni mbili, moja ya mpira na moja ya muvi, na juu ya sauti ya Matt Damon itapanda sauti ya mtu anayetafsiri.

Zamani nilikuwa nikiwabeza watafsiri hao. Nikiwa msichana nilisikiliza kanda za mtafsiri Lufufu, na nilipoanza kukielewa Kiingereza niligundua kwamba nusu ya maneno aliyoyasema hayakuwamo kabisa katika picha, nikajiona mjanja. Sasa ninaliona jambo hilo kwa namna nyingine. Mtafsiri mzuri hafanyi kazi ya kugeuza maneno tu. Anapunguza sauti ya picha mahali panapostahili, anatueleza nani ni shemeji wa nani, anamwonya steringi ambaye hamsikii, anacheka kabla yetu, na penye msiba ananyamaza. Na hadithi hii ya Odiseo, kabla ya kuandikwa mahali popote, iliimbwa. Ndani yake mwenyewe yumo mwimbaji kipofu anayesimulia vita mbele ya wageni mpaka Odiseo anafunika uso na kulia, na safari yenyewe ya baharini sehemu kubwa inasimuliwa na Odiseo kwa kinywa chake baada ya chakula cha jioni. Babu yangu mzaa baba angeelewa mara moja, kwa maana katika boma lake kule Magu shikome iliwashwa kila jioni, na wavulana walikaa kuuzunguka moto huo wakisikiliza wazee, nasi wasichana tukitegea masikio kutoka jikoni. Kwa hiyo ninathubutu kusema kwamba huenda kibanda cha Kirumba kikaitendea haki hadithi hiyo kwa namna ambayo ukumbi wenye viti vya kuegemea hauwezi. Hasara itakuwa kwenye picha, na hasara hiyo ni kubwa, sitaki kujidanganya.

Kuna kisa kimoja ninachotaka kukiona kabla ya vingine, endapo Nolan amekiweka. Odiseo anapewa mfuko uliofungiwa pepo zote mbaya. Wanasafiri siku tisa usiku na mchana, siku ya kumi wanaiona mioto ya kwao, naye usingizi unamchukua, mabaharia wake wakaufungua mfuko wakidhani una fedha, na dhoruba ikawarudisha walikotoka. Mjomba wangu, mvuvi wa Ukerewe, aliwahi kuziona taa za Mwanza kwa macho yake, akaanza hata kukunja tanga, kisha upepo ukageuka na kumpeleka usiku kucha hadi kwenye kisiwa ambacho hakikuwa na hata duka la chumvi. Kila anaposimulia haongezi majini wala mazimwi. Anasema tu, "Taa tulikuwa tunaziona, mwanangu," kisha anaangalia pembeni. Iwapo mwigizaji wa Marekani ataweza kuangalia pembeni namna ile, nitamsamehe Nolan kelele zote za muziki anazopenda kutufunikia mazungumzo.

Picha za maji hatuzitazami kimzaha hapa. *Titanic* ya James Cameron, huyuhuyu wa *Avatar*, ilitoka mwaka 1997, wakati MV Bukoba ilikuwa imezama Mei 21, 1996, karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Kaka yangu alipokuja na kanda ya picha hiyo, mama aliipokea mkononi, akatazama jalada lenye meli, akamrudishia. Hakugomba. Nimeitazama nikiwa mtu mzima, kwa kujificha kidogo, na mpaka leo siwezi kusema kama ni picha nzuri au mbaya.

Nayo picha iliyotutangaza sisi wenyewe duniani ni *Darwin's Nightmare*, filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper, Mwaustria, ya mwaka 2004, iliyopigwa hapahapa. Ilihusu sangara, ndege za mizigo zinazobeba minofu kwenda Ulaya, na watu wanaobaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki baada ya minofu kuondolewa. Mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zilizowania Oscar, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani. Sikubaliani na wanaosema kwamba yote yalikuwa uzushi, kwa sababu mafunza yale yalikuwepo na watoto wale wa mitaani walikuwepo. Kinyongo changu ni kidogo na cha nyumbani. Mama alikuwa akinunua mapanki mabichi asubuhi, akiyasugua kwa chumvi na ndimu, akiyachemsha na nyanya hadi mchuzi uwe mweupe kama maziwa, na kipande laini cha shavu la samaki kilikuwa haki ya kitinda mimba. Filamu ile ilikuwa na nafasi ya mapanki yanayooza lakini haikuwa na nafasi ya sufuria ile, na kwa mtu wa mbali aliyeitazama, sisi tulikula uoza tu.

Kuhusu *Avengers: Doomsday*, ya Desemba 18, sina mengi. Vijana wa kibandani wamegombana wiki nzima kuhusu Robert Downey Jr., ambaye mwaka 2019 alikufa ndani ya picha akiwa steringi na sasa anarudi akiwa adui mkuu. Mmoja wao alikuwa amekasirika kwelikweli. Kwake steringi hafi, na akifa basi awe na heshima ya kubaki amekufa. Mimi niko upande wake.

Kile ninachokisubiri bila tarehe ni ziwa lenyewe. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, ilinionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kujaza skrini bila kupayuka, na kwamba riwaya ya Adam Shafi inaweza kugeuka mwanga na kivuli. Lakini hayo ni maji ya chumvi ya Unguja. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, simama kwenye miamba ya Bwiru utazame mitumbwi ya dagaa ilivyowasha taa: utadhani ng'ambo kuna mji mwingine, na kumbe ni watu wanne wanne waliolowa hadi mifupani, wakisubiri samaki wasiozidi kidole. Mwongozaji hahitaji kuongeza kitu pale zaidi ya uvumilivu wa kutokata picha mapema.

Kabla sijaondoka dukani nilimwomba yule kijana anitunzie *The Odyssey* itakapofika klia, si ya kamera. Alisema zipo mbili, itakayokuja kavu na itakayotafsiriwa, na iliyotafsiriwa itachelewa. Nikamwambia aniwekee zote mbili. Alichukua daftari lake la mistari, akafungua ukurasa wa Julai ambao haukuwa na kitu, akaandika kwa herufi kubwa: ODESI – DADA WA FLASHI NYEKUNDU.