Nilivyoifanya laptopu ya mtumba ikubali kurekodi singeli

"Ongeza RAM." Hilo ndilo jibu utakalopewa na kila mtu Dar es Salaam ukisema kompyuta yako inakatakata sauti. Fundi simu atakwambia ongeza RAM. Prodyuza mwenye studio ya kiyoyozi atakwambia ongeza RAM. Binamu yangu, ambaye kompyuta kwake ni ya kuangalizia mpira, naye kaniambia ongeza RAM. Nikaongeza kutoka GB 8 hadi 16, kwa hela ya kodi ya chumba ya mwezi na chenji kidogo, na sauti ikaendelea kukatika vilevile, tena kwa mwendo uleule.

Naandika haya nikiwa bado na hasira hiyo, na kujisifu kidogo pia, maana mashine ileile leo inarekodi MC wa kasi ya mapigo 240 kwa dakika na huisikii "paki" hata moja, ule mlio wa sauti kukatika. Ni laptopu ya kiofisi iliyokwishatumika, prosesa ni i5 ya kizazi cha 6, niliichukua Kariakoo kwa laki nne na kitu. Natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Saundi kadi ni ya nje, ya USB, mkono wa pili nayo, yenye tundu moja la maikrofoni. Chumba ni hiki hiki ninacholala, Mbagala, godoro nimelisimamisha ukutani lipunguze mwangwi.

Singeli inaumbua kompyuta kuliko muziki mwingine wowote ninaoujua. Bongo Fleva ya taratibu ina mapigo 90 na kitu kwa dakika. Msanii akijisikia kwenye hedifoni amechelewa kidogo, anavumilia. Singeli inaanzia 200 na kuna vijana wanaisukuma mpaka 300. Ukiwa 240, pigo moja ni robo sekunde. Ligawe mara nne, kama MC anavyoligawa kwa mdomo, kila silabi inabaki na milisekunde 62 na nusu. Sasa weka bafa, yaani kile kifungu cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukipitisha, iwe ya sampuli 2048. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, hiyo ni milisekunde 46, na hapo ni njia moja tu. Sauti ikiingia na kutoka unakaribia 93. Maana yake MC anaisikia silabi ya kwanza masikioni wakati mdomo umeshafika katikati ya ya pili. Kijana mmoja alisimamisha mstari, akavua hedifoni akaniuliza: "Kaka, hapo nimechelewa mimi au mashine?" Nikamjibu mashine. Akacheka, lakini siku hiyo hatukurekodi kitu cha maana.

Dawa inajulikana: shusha bafa. Kwenye 128 ni milisekunde 2.9 tu, hakuna sikio linalolalamika. Ila nikiishusha huko ndipo paki, paki, paki zinaanza, na kila paki inaingia kwenye sauti ya msanii moja kwa moja. Huifuti.

Nilivyoielewa mimi ni hivi. Unaoga, na mdogo wako anakuletea maji kopo kwa kopo. Kopo ni bafa. Kopo dogo linafika upesi, ila akisimama kidogo tu kupiga soga na jirani, wewe uko na sabuni machoni. Ndoo kubwa inakupa muda, lakini mpaka ijae umeshaanza kutetemeka. RAM ni ukubwa wa tangi la nje. Tangi likiwa halijaisha, kuliongeza hakumharakishi mdogo wako wala hakumzuii kupiga soga. Na tangi langu halikuwa limeisha: biti nzima ikicheza, RAM ilikuwa imetumika nusu. Ukiwa na maktaba kubwa za vinanda na vinubi zinazokaa kwenye kumbukumbu, hapo sawa, ongeza. Mimi nina ngoma, kinanda cha kuparaza na sauti za simu nilizozirekodi mwenyewe.

Ushauri wa pili niliopewa ulikuwa wa kusakinisha programu za kusafisha kompyuta. Hizo ndizo wezi wenyewe. Zinajiwasha na mashine, zinakagua diski saa yoyote zinayotaka, halafu zinakuonyesha duara la kijani kukuambia umependeza. Zote niliziondoa. Antivairasi niliyobaki nayo nimeiambia isiguse folda za muziki, basi.

Jambo lililonifumbua macho lilikuwa dogo. Nilifungua mradi mtupu, hakuna biti, hakuna plagini (vile vyombo na vichujio vya sauti vya kuongezea), ni kile kipigo cha kuhesabia tu. Kipimo cha prosesa kinasoma karibu na sifuri. Bado, paki. Kama mashine haina kazi na inakatika, basi nguvu haihusiki. Kuna mtu anapiga soga.

Kuna programu inaitwa LatencyMon, kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Unaiwasha, unaiacha inasikiliza, nayo inakuonyesha ni draiva gani, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, inayoikamata prosesa muda mrefu bila kuiachia. Inasoma kwa maikrosekunde. Bafa ya 128 ina maikrosekunde 2,900 hivi, kwa hiyo draiva yoyote ikishika prosesa kwa 4,000, hata uwe na kompyuta ya milioni tano, sauti lazima ikatike. Hesabu hiyo hakuna fundi aliyewahi kunipa. Ndani ya dakika chache mstari ukawa mwekundu na jina la kwanza likajitokeza: draiva ya waifai. Nikaizima waifai na paki nyingi zikaondoka palepale. Sikuamini. Nikaiwasha, zikarudi. Nikaizima, zikaondoka. Nimecheza hivyo kama mtoto na swichi ya taa.

Ila ilibaki moja. Ilikuja kila baada ya sekunde kumi na kitu, kwa nidhamu, kama ina ratiba. Hii ndiyo niliyoiwinda mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa sitoki. Njia yenyewe haina uchawi: unafungua ile orodha ya vifaa vya Windows, unazima kifaa kimoja, unaiacha LatencyMon kwa muda wa wimbo mmoja, unatazama. Kamera, bado. Bluetooth, bado. Kile cha kusoma alama ya kidole ambacho sijawahi kukitumia, bado. Kisoma kadi, bado. Diski na kibodi usiguse, tafadhali. Nilipofika kwenye betri nilisita, kwa sababu niliona ni upuuzi, betri na sauti wapi na wapi? Nikaizima. Kimya. Nikangoja sekunde kumi, ishirini, dakika. Kimya kabisa. Kumbe kila baada ya muda Windows ilikuwa inaiuliza betri "umebaki na asilimia ngapi?", na betri ya mtumba ilikuwa inajikuna kichwa kabla ya kujibu, na wakati huo wote prosesa imeshikwa.

Betri yenyewe inaendelea kuchaji na kufanya kazi, usiogope. Kinachopotea ni alama ya asilimia pale chini. Hakuna onyo tena, na hapo ndipo wiki hiyohiyo kilinikuta kituko. Tuko katikati ya mstari, MC amefumba macho, yuko mbali kweli, umeme ukakatika. Laptopu haikujali, ikaendelea. Feni ya ukutani ikasimama, jasho likaanza, sisi tukaendelea. Tukarekodi mstari wa pili. Tukarekodi kiitikio mara sijui ngapi, kila mara anasema "hii sasa ndiyo yenyewe". Kisha skrini ikawa nyeusi. Haikutoa onyo wala mlio. Yule kijana aliendelea kuchana kwa sekunde kadhaa kwenye maikrofoni iliyokufa kabla hajafumbua macho. Kwa bahati FL ninaiacha ijihifadhi yenyewe kila dakika 5, kwa hiyo tulipoteza kiitikio tu, kile cha mwisho, na mpaka kesho anadai kile ndicho kilikuwa chenyewe. Siku hizi taa ya chumbani ndiyo alama yangu ya betri. Ikizimika, tunamalizia mstari, nahifadhi, nazima.

Baada ya hapo mengine yalikuwa madogo. Mpangilio wa umeme wa Windows uwe ule wa utendaji wa juu, usiwe wa kubana matumizi. USB isiruhusiwe kulala. Saundi kadi ichomekwe kwenye mashine yenyewe, si kwenye kigawanyio pamoja na flashi na mausi. Na utumie draiva ya ASIO, ile ya kupitisha sauti bila kuzungukazunguka ndani ya Windows, iliyotengenezwa na walioitengeneza saundi kadi yako. ASIO4ALL ni ya kumsaidia asiye na yake.

Joto ndilo lililonipa kazi ya mwisho. Februari ya Dar mnaijua. Nimerekodi vizuri asubuhi, saa nane mchana mashine ileile na mradi uleule inaanza kukwama. Prosesa ya aina hii ina mwendo wake wa kawaida wa 2.4 GHz na inaweza kujirusha mpaka 3.0 ikibanwa. Ikijirusha inapata moto, ikipata moto inajishusha yenyewe, ikipoa inajirusha tena. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakokata sauti. Fundi alinitajia bei ya kubadilisha feni, nikamshukuru nikaondoka. Nilifungua mwenyewe, nikatoa vumbi ambalo ungeweza kusuka nalo kamba, nikaweka upya ile dawa ya kati ya prosesa na bomba la shaba, elfu tano au sita hivi. Halafu nikafanya kitu ambacho kila niliyemwambia alinitazama vibaya: kwenye mipangilio ya umeme, pale penye kiwango cha juu cha prosesa, nikaandika 99 badala ya 100. Ikikosa hiyo asilimia moja, Turbo Boost, yaani huko kujirusha, haiwaki kabisa. Mashine inatulia kwenye mwendo wake wa kawaida kutwa nzima, haipandi haishuki. Nimeipunguza kasi na imeacha kukwama. Wanaobisha nawakaribisha Mbagala saa nane mchana.

Ukiuliza hela iende wapi kwanza, SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Sielezi, ukishaweka utajua.

Na kuna ujanja ambao haugharimu kitu, nao hata mwenye mashine mbovu kuliko yangu unamfaa. Usirekodi sauti juu ya mradi wenye biti iliyo wazi na plagini zake zote, hasa kama kwenye chaneli kuu umeshaweka zile plagini za kunogesha na kuinua sauti. Nyingi zinatazama mbele kabla ya kutoa sauti, na huko kutazama mbele ni kuchelewa kwingine juu ya kule kwa bafa; unaweza kushusha bafa mpaka chini kabisa na MC bado akakwambia anachelewa. Mimi biti ikishakamilika naitoa yote kama faili moja la wav, nafungua mradi mpya, nalitupia humo, bafa 128, na kazi ya prosesa inakuwa kucheza faili moja na kupokea maikrofoni moja. Mwangwi naweka kidogo tu wa hedifoni, ambao haurekodiwi, maana MC wa singeli asiposikia mwangwi anakuwa mdogo. Waliokuja kurekodi wakaona skrini tupu namna hiyo wamewahi kuniuliza kama kweli mimi ni prodyuza.

Wakimaliza, narudi kwenye mradi mkubwa, napandisha bafa mpaka 1024 kwa sababu wakati wa kuchanganya hakuna anayejisikiliza, nafanya kazi yangu, nawasha waifai na kumtumia msanii WhatsApp asikilize kwenye simu. Jibu huwa ni lilelile: ongeza besi.