Kumbukumbu ya mradi: kutoa maji ya mvua kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30

Wiki ya 1: maji yataishia wapi

Kazi imeanzia mwisho. Kabla ya kununua hata bomba moja, tumetafuta mahali maji yatakapotokea na kupima kina chake, kwa sababu hicho ndicho kipimo pekee ambacho mwenye kiwanja hawezi kukibadilisha. Ardhi inateremka kutoka nyuma kuja mbele, na nje ya geti kuna mtaro wa wazi wenye kina cha milimita 700. Bomba halitatokea kwenye sakafu ya mtaro huo. Litatokea milimita 150 juu yake, ili tope likijikusanya au maji ya mtaro yakipanda, mdomo usizibwe upesi. Kwa hiyo kitako cha bomba, yaani upande wa ndani wa chini, kitakuwa milimita 550 chini ya ardhi ya getini. Namba hiyo ikishapatikana, vina vingine vyote vinatoka humo.

Usawa umepimwa kwa mpira wa maji unaoonesha ndani, urefu wa mita 15, kwa vituo viwili. Mpira huu ni wa kuaminika kuliko pimamaji fupi iliyowekwa juu ya mbao, ila kiputo kimoja cha hewa kinatosha kuharibu kipimo. Ujaze polepole kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, kisha shika ncha zote mbili pamoja: maji yasipolingana hapo, hewa bado imo. Ardhi ya getini tumeiita sifuri. Mita 28 nyuma, kwenye kona ya nyumba ambako bomba litaanzia, ardhi iko juu kwa milimita 450.

Kwa mteremko wa 1 kwa 100, bomba la mita 28 linapanda milimita 280 kuelekea nyuma. Kitako cha mwanzo kitakuwa milimita 270 chini ya sifuri, yaani kina cha milimita 720 kutoka ardhi ya pale. Inachimbika. Kama hesabu ingeonesha kina cha mita 2 huku nyuma, au bomba kuchungulia juu ya ardhi, hapa ndipo pa kubadili ramani, kabla jembe halijagusa udongo.

Wiki ya 2: maji ni kiasi gani

Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Zidisha eneo kwa nguvu ya mvua (milimita kwa saa), zidisha tena kwa sehemu ya maji inayotiririka badala ya kuzama, gawanya kwa 3,600, unapata lita kwa sekunde. Mradi huu umetumia milimita 100 kwa saa. Namba hii itafutwe kwenye rekodi za hali ya hewa za eneo husika, na iwe ya mvua kali ya dakika 5 hadi 15. Jumla ya mvua ya mwaka haisemi chochote kuhusu ukubwa wa bomba.

Paa: mita za mraba 120 kwa 0.95, sawa na 114.
Uwanja wa zege: 90 kwa 0.9, sawa na 81.
Nyasi na bustani: 390 kwa 0.25, sawa na 97.5.

Jumla ni 292.5, zidisha kwa 100, gawanya kwa 3,600, ni lita 8.1 kwa sekunde. Bomba la plastiki la milimita 110 likijaa, kwa mteremko wa 1 kwa 100, linapitisha kama lita 6.7. Halitoshi. La milimita 160 linapitisha kama 19. Watu wengi huzoea la 110 kwa sababu ndilo la chooni, halafu hulaumu mteremko maji yanapofumuka kwenye chemba (kisanduku cha ardhini cha kukagulia bomba). Tumechagua 160. Nafasi inayobaki si ubadhirifu, kwa kuwa majani na mchanga navyo vinachukua sehemu yake.

Tangi la lita 5,000 litapokea maji ya nusu ya paa, lakini kwenye hesabu ya bomba halikupunguza kitu. Mvua kubwa inaweza kulikuta limeshajaa.

Kwa mabomba ya kushushia maji kutoka kwenye gata, mafundi hutumia sentimita 1 ya mraba ya tundu kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Kila upande wa paa ni mita za mraba 60. Bomba la milimita 75 lina sentimita 44 za mraba, pungufu. La 100 lina 78. Bomba la kufurika la tangi nalo liwe 100. Ukiliweka dogo kuliko lile la kuingizia, tangi litamwaga juu ya mfuniko, na maji hayo yataanguka kwenye msingi wa nyumba.

Wiki ya 3: shimo la kunyonya

Maji yanayofurika kutoka tangini yanaenda kwenye shimo lililojazwa mawe, mita 5 na zaidi kutoka kwenye msingi. Kwanza ardhi ijaribiwe, na ijaribiwe kwenye kina kitakachonyonya. Kosa kubwa hapa ni kupima kwenye udongo wa juu wenye mizizi, unaomeza maji haraka, kisha kujenga shimo ndani ya mfinyanzi ulioko chini yake.

Tumeshuka mita 1.25, tukachimba kishimo cha milimita 300 pande zote na kwenda chini. Kimejazwa mara tatu mfululizo, na kila mara tumepima muda wa maji kushuka kutoka milimita 225 hadi 75: dakika 31, 42, 50. Kinachotumika ni 50, kwa sababu mvua kubwa huikuta ardhi imeshalowa. Maji yaliyozama ni lita 13.5. Eneo la kunyonya, yaani kuta hadi nusu ya kina pamoja na sakafu, ni mita za mraba 0.27. Inatoka milimita 60 kwa saa.

Shimo la mita 2 kwa 2, lenye mawe kina cha mita 1.5, lina mita za ujazo 6, lakini nafasi kati ya mawe ni kama asilimia 35 tu: lita 2,100. Nusu ya paa kwenye mvua ya milimita 40 ndani ya saa moja inaleta lita 2,280. Kuta, zikihesabiwa hadi nusu ya kina, zinanyonya lita 360 ndani ya saa hiyo (sakafu hatuihesabu, itazibwa na tope baada ya muda). Zinabaki 1,920 za kuhifadhi. Linatosha, na litashuka hadi nusu ndani ya saa 3 hivi. Bado limewekewa bomba la kufurikia kwenye chemba ya kwanza. Kwenye kina hiki kingo zinaweza kuporomoka: asiingie mtu bila kuziegemeza kwa mbao.

Mawe yameoshwa na kuzungushiwa kitambaa cha kuchujia, pande zote na juu. Kokoto zenye vumbi zinaleta tope lake zenyewe.

Wiki ya 4: kuchimba

Mtaro wa kulazia bomba una upana wa milimita 400. Vigingi viko kila mita 4, na uzi unashuka milimita 40 kutoka kigingi hadi kigingi, ukiwa milimita 1,000 juu ya kitako cha bomba. Fimbo ya kupimia imekatwa 1,105: hiyo 100 ni tandiko la kokoto laini, na 5 ni unene wa ukuta wa bomba. Fimbo ikigusa chini na ncha yake ikalingana na uzi, kina kimefika. Hakuna haja ya kukumbuka namba ndani ya mtaro.

Kati ya mita ya 16 na ya 20 sakafu ilichimbwa milimita 60 kupita kiasi. Kishawishi ni kurudisha udongo na kuukanyaga. Udongo huo utazama baadaye, bomba litafanya tumbo, na kwenye tumbo ndipo tope linapolala. Pamejazwa kokoto laini na kushindiliwa.

Vifaa: mabomba 5 ya mita 6, na kokoto laini mita za ujazo 3.8, kwa ajili ya tandiko, mbavu (pembeni mwa bomba) na milimita 100 juu ya bomba. Udongo uliochimbwa ni mita za ujazo 8.3, ila ukifumuka unakaribia 10. Uandalie mahali mapema.

Tatizo lililobaki ni getini. Kina cha 550 ukitoa bomba lenyewe kinaacha chini ya milimita 400 za udongo, na magari yanapita hapo. Kwa bustani hiyo inatosha, kwa gari haitoshi. Mita 5 za mwisho zimezungushiwa zege.

Wiki ya 5: chemba na ardhi ya juu

Chemba ni tatu: mwanzo, kwenye kona ya bomba, na kabla ya geti. Kila moja ni milimita 450 kwa 450 ndani, na sakafu iko milimita 200 chini ya bomba la kutoka, ili mchanga utue humo. Kona imegeuzwa ndani ya chemba. Pasipo na chemba, tumia kona mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90.

Maji taka hayakuunganishwa popote na mfumo huu, wala maji ya mvua hayaendi kwenye shimo la maji taka. Mvua ya dakika chache inatosha kulifurisha.

Kuzunguka nyumba, ardhi imeshushwa milimita 150 ndani ya mita 3 za kwanza. Zege linashuka milimita 20 kwa kila mita. Nyuma kabisa, ambako maji ya juu huingia kiwanjani, umechimbwa mfereji wa kukinga wenye kina cha milimita 300 na upana wa 600, ukateremka 1 kwa 100 na kupandwa nyasi. Ndio sehemu rahisi kuliko zote, na bila huo hesabu ya wiki ya 2 isingekuwa na maana, maana ilihesabu kiwanja hiki peke yake.

Jaribio: mpira wa kumwagilia maji umelazwa kwenye chemba ya kwanza, na mpira wa tenisi ukatumbukizwa. Umetokea getini bila kukwama. Kisha maji yamefungwa na mabomba kuangaliwa kwa tochi kutoka chemba hadi chemba: hakuna dimbwi lililobaki kati ya mita ya 16 na ya 20.

Bado: mawe ya kuvunja nguvu ya maji mdomoni mwa bomba, wavu wa gata, na kupima tope kwenye chemba baada ya mvua kubwa ya kwanza. Likizidi milimita 100, nyasi za mfereji wa nyuma hazijashika vizuri.