Rangi Mpya Ukutani

Mwezi wa Aprili mwaka 2014, zamu yangu ya upatu ilipofika, nilimweleza shangazi, ambaye nilikuwa nikiishi kwake Tabata tangu nimalize chuo, kwamba natafuta chumba changu mwenyewe. Hakunizuia, ila aliniuliza kama nimepiga hesabu. Nilikuwa nimepiga: kodi ya shilingi 80,000 kwa mwezi, ikilipwa ya miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wanavyodai, pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali, jumla 560,000, kabla sijanunua godoro wala ndoo.

Dalali alinionyesha chumba Sinza, karibu na Mto Ng'ombe, baada ya kunitoza shilingi 10,000 za kuonyeshwa, ambazo hazirudi hata ukikikataa chumba. Kilikuwa na dari nyeupe, dirisha la aluminiamu na rangi iliyokuwa bado inanukia, nami moyoni nikawa nimeshatundika pazia. Nilitaka kulipa siku ile ile, lakini shangazi akasema, "Mwanangu, nyumba ya bondeni haitazamwi juani," akaagiza tungoje mvua. Kwa kuwa ilikuwa masika, hatukungoja sana.

Tulirudi asubuhi moja, mvua ya usiku kucha ikiwa imekatika alfajiri. Shangazi hakutazama dari wala dirisha. Aliinama, akapandisha kiganja ukutani kuanzia sakafuni, na kilipofika usawa wa goti akakisimamisha: chini ya hapo plasta ilikuwa na majimaji na rangi ilimbaki mkononi, juu yake palikuwa pakavu. Kisha akamsalimu mpangaji aliyekuwa akizoa tope uani, akamuuliza vitanda vyao wameviinua kwa kitu gani. "Kwa matofali, dada," alijibu yule mama, bila hata kushangaa swali. Dalali akaanza kusifia ukaribu wa kituo cha daladala.

Nakiri kwamba njiani nilinuna, maana lile dirisha lilikuwa limeniingia.

Wiki tatu baadaye nilipata chumba Kimara, mlimani, kwa shilingi 90,000, chenye choo cha nje na mita moja ya umeme ya LUKU kwa wapangaji watano. Nyongeza ya shilingi 70,000, kwa miezi sita na ule wa dalali, shangazi aliifungua kutoka kwenye pindo la khanga yake. Siku ya kuhamia, kirikuu kilipoegeshwa na godoro langu la futi nne kwa sita, aliingia yeye kwanza, akavua viatu, akapapasa kuta zote nne, ndipo akaniruhusu kuteremsha mizigo.