Honi inayonyamazishwa kwa kidole

Kila kijana anayekuja kujifunza breki za upepo za malori namwanzia hapa: kwenye breki ya maegesho, upepo hauko pale ili kufunga breki, uko pale kuizuia isijifunge. Ukivuja, springi inafyatuka na magurudumu yanakamata. Asipolielewa hilo simpi spana.

Treni zilitutangulia kwa wazo hilo. Breki ya kwanza ya George Westinghouse, ya 1869, ilimtaka dereva asukume upepo ndipo ishike. Bomba likipasuka, hana kitu. Mwaka 1872 akaigeuza. Kila behewa likapata mtungi wake na vali yake, na bomba lipitalo treni nzima likawa na upepo muda wote. Upepo ukishuka bombani, iwe dereva kautoa au mabehewa yamekatika, breki zinashika zenyewe.

Lakini kuwepo kwa kifaa si kutumika. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh, Ayalandi, treni ya matembezi iliyojaa watoto ilishindwa na mlima. Wakaamua kuikata vipande viwili. Breki zake hazikuwa za kujifunga, kwa hiyo mabehewa ya nyuma yalibaki na breki ya mkono na mawe chini ya magurudumu. Ya mbele yakarudi nyuma kidogo, yakayagusa, mawe yakashindwa, na mabehewa yakateremka hadi kwenye treni iliyokuwa inapanda. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka huohuo sheria ya Uingereza ikalazimisha breki za kujifunga kwenye treni za abiria. Mimi nimeweka mawe chini ya matairi mara nyingi mno, na nikisoma habari hii siwezi kuyapita yale mawe haraka.

Breki ya namna hiyo inajua bomba limepasuka. Haijui kwamba taa ni nyekundu. Kwa hilo Waingereza waliweka sumaku katikati ya reli, kama mita 180 kabla ya taa. Njia ikiwa wazi, dereva anasikia kengele. Isipokuwa wazi, inalia honi, naye ana sekunde mbili hivi za kubonyeza kitufe, la sivyo treni inasimama yenyewe. Akibonyeza, inaendelea, hata kama taa ni nyekundu! Honi ni ileile kwa njano na kwa nyekundu, na penye treni nyingi kidole huzoea kujibu kabla ya akili.

Ladbroke Grove, London, 5 Oktoba 1999, jua la asubuhi likiwa chini: treni ilipita taa nyekundu namba SN109, ikagongana na treni nyingine, na watu 31 wakafa. Wanaomtupia dereva lawama yote sikubaliani nao. Taa ile ilikuwa ngumu kuonekana na ilishawahi kupitwa ikiwa nyekundu. Baadaye ndipo mfumo mwingine ukaenea, hadi mwisho wa 2003: treni ikipita nyekundu, au ikiikimbilia kwa kasi mno, breki zinafunga bila kumwuliza mtu.

Mwezi uliopita nililetewa lori lenye tatizo la breki. Chini ya dashibodi nikakuta waya wa king'ora kinachoonya upepo wa breki ukipungua umekatwa kwa koleo, ncha zimefungwa tepu vizuri kabisa. Dereva akasema, "Fundi, kilikuwa kinanisumbua." Niliuunga ule waya kabla sijagusa kitu kingine.